Makadirio Yangu ya Korongo Mwaka Huu

Jumanne, 1 Agosti 2023

Joto. Mahindi ya jirani yamenipita kimo. Makadirio ya msimu naandika humu tu, kama kila mwaka, maana huko nje kila mtu ana yake na anayapigia kelele. Mimi si mtu wa kelele. Nimewatazama Korongo, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Kessler, tangu nikiwa na nywele. Nimewaona wakifungwa kwa kila namna ambayo timu inaweza kufungwa, na bado nalala usingizi mzuri.

Haya. Mrushaji mpira: mpya, kijana mrefu wa Omaha. Wote wanausifu mkono wake. Miguu yake hawaitaji – dalili mbaya. Ukuta wa mbele: wazito, wa polepole, kama mimi. Wakimbiaji: wawili wazuri, ila mmoja mpira unamtoka mikononi kama sabuni. Ulinzi: hapo ndipo roho yangu inapotulia. Ulinzi wote wa mwaka jana umerudi, na katikati yupo Eloy Tafoya, namba 44. Yeye ndiye anayesoma hila za wapinzani na kuwapangia wenzake kwa sauti kabla mpira haujatoka. Mtoe huyo, wale wengine ni ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Kushinda nane, kupoteza tatu. Na mahasimu wetu Marlow tunawapiga! Miaka kumi na moja hatujawapiga. Nimeandika, basi.

Jumapili, 6 Agosti

Eloy amerudi kutoka kwao Colorado, amekuja kula. Kila mchezaji wa mbali chuo humtafutia familia hapa mjini ya kula nayo Jumapili. Sisi tulipewa yeye, na huu ni mwaka wa tatu. Ana ishirini na mmoja sasa, shingo kama gogo, na bado anavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Ardith alitoa nyama ya kuoka, viazi vya kuponda na mahindi mabichi. Kijana kafagia meza yote. Mke wangu hufurahi mtu akila. Mimi hanifurahii tena tangu daktari anikataze siagi.

– Mzee Verlyn, mwaka huu umetupa ngapi?
– Nane.
– Nane tu! Mzee, una roho ngumu wewe.

Ardith akasema hata siku ya harusi yetu nilimpa nane kati ya kumi na moja. Uongo. Nilimpa tisa.

Ijumaa, 11 Agosti

Kahawa pale ushirika wa nafaka. Gaylen Pruss naye kaja na kofia yake ya zambarau. Mwanawe alisoma Marlow, na tangu hapo Gaylen ni Marlow mpaka kwenye soksi, ingawa nyumba yake na yangu zinatazamana.

– Korongo ni ndege wa kupita, Verlyn. Wanatua Machi, wanakula makapi shambani, wanaondoka. Ndiyo timu yako hiyo. Ikifika Oktoba utaitafuta kwa tochi.

Wote wakacheka. Mimi nikakoroga kahawa. Nikamwambia mechi ya kwanza ni tarehe mbili Septemba, Marlow wanakuja hapa hapa, tutaonana. Akasema atakayefungwa apake sanduku lake la barua rangi ya mwenzake mpaka Krismasi. Tukapeana mikono. Sanduku langu, zambarau! Mungu apishe mbali.

Jumamosi, 19 Agosti

Mazoezi ya wazi. Wao kwa wao, nyekundu na nyeupe. Jua la kukaanga mayai, lakini watu walijaa.

Mrushaji: mkono ni kweli, na miguu ni kweli. Ukuta: afadhali kuliko nilivyodhani. Eloy alicheza upande wa weupe. Kabla ya mapumziko alikwenda kumzuia mkimbiaji, kofia ngumu kwa kofia ngumu. Mlio niliusikia kule juu kwenye viti vya mbao. Aliinuka upesi – tukapiga makofi. Kisha akaenda kusimama katikati ya wekundu wakipanga mchezo wao. Watu wakacheka sana. Nami nilicheka. Mwekundu mmoja akamshika mabega, akamgeuza, akamsukuma taratibu kwa wenzake.

Alimaliza mazoezi. Ila baada ya hapo hakupiga kelele tena. Alisimama tu, mikono kiunoni, wenzake wakimtazama, wakingoja apange. Sidhani kama wengi waliona.

Joto lilikuwa kali.

Jumapili, 20 Agosti

Eloy aliomba tufunge mapazia. Mahindi hakuyagusa. Alitusimulia habari ya mjomba wake na punda aliyeingia kanisani, tukacheka, Ardith akaenda kuleta pai. Aliporudi, Eloy akaanza: "Niliwahi kuwaambia ya mjomba wangu na punda?" Akaisimulia tena. Yote, mpaka padri anavyoshika mkia. Mimi nilicheka tena mahali palepale. Ardith hakucheka.

Baadaye alinifuata gereji. Alisimama karibu na mashine ya kukatia nyasi akiishika shika.

– Mzee, naomba usimwambie mtu.
– Nisimwambie nini?
– Mwaka jana niligongwa kichwa kwenye mechi ya Corwin, unakumbuka. Daktari wa timu aliniambia, ukigongwa kichwa tena, mpira kwako basi. Na mpira ukiwa basi, chuo nacho kwangu basi. Kwetu hakuna wa kulipa.
– Mimi sijaona kitu, nikamwambia.

Macho yakamjaa. Akanishukuru. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatatu, 21 Agosti

Ardith, akimenya viazi, bila kunitazama: umeona? Nikasema joto. Akauliza ni joto gani hilo linalomsimulisha mtu hadithi moja mara mbili kabla chai haijapoa. Nikatoka kumwagilia nyanya.

Nimepiga hesabu upya. Bila 44: kushinda tano, kupoteza sita, na Marlow wanatupiga. Nimeiandika ili niione tu, si kwa kuwa ina maana yoyote.

Alhamisi, 24 Agosti

Makadirio ya magazeti yametoka. Wametuweka wa tatu kwenye ligi yetu, Marlow wa kwanza. Gaylen kayakata na kuyabandika kwenye kioo cha gari langu. Wanasema ulinzi wa Kessler ndio bora, "ukiongozwa na Tafoya". Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Kwa kawaida ningefurahi.

Jumapili, 27 Agosti

Eloy mzima! Kaja anacheka, kala, kamtania Ardith kuhusu jeli yake ya kijani yenye karoti ndani, ile ambayo hakuna aliyewahi kuielewa. Nilihisi kama mtu kanitua mzigo mgongoni. Nikamuuliza juu ya mrushaji wa Marlow, akajibu vizuri: anapenda kutazama kushoto kisha anarusha kulia. Nikasema moyoni, unaona?

Kisha akainuka na sahani zake, akasimama katikati ya jiko, akamuuliza Ardith choo kiko wapi.

Mwaka wa tatu huu anakula humu. Ardith akamwonyesha kwa kidole.

Jumatano, 30 Agosti

Tumegombana. Si kwa sauti, hatuna desturi hiyo. Ardith kasema anampigia Kocha Whitlock leo leo. Nikamwambia kijana mwenyewe kaniomba, nimempa neno langu, na ana akili zake, ni mtu mzima. Nikamwambia ngoja Jumamosi ipite, tucheze na Marlow, halafu tutaona.

– Angekuwa mwanetu Curtis?
– Curtis hajawahi kucheza mpira.
– Sijakuuliza hilo, Verlyn.

Akasema basi nimpigie mimi, maana Whitlock ni rafiki yangu, na mimi ndiye niliyefuatwa gereji. Nikaahidi. Sikupiga, nilikwenda mwenyewe uwanjani. Nilisimama kwenye uzio, Kocha akaja kunisalimu, jasho tupu, filimbi mdomoni. Kabla sijafungua mdomo akaniambia: "Umemwona 44? Mwaka huu katulia. Hapayuki ovyo. Kakua kijana."

Ndipo pa kusema hapo. Mlango wazi kabisa.

Nikamuuliza mrushaji anaendeleaje.

Nilipofika kwenye gari niliona aibu hata nikashindwa kuwasha. Kisha nikawasha.

Ijumaa, 1 Septemba

Ardith ananisemesha mambo ya takataka tu: leo ni zamu ya pipa la bluu. Nikamwambia nilikwenda kwa Kocha. Akauliza nilimwambia nini. Nikasema hatukupata nafasi. Alinitazama vile anavyotazama maziwa yaliyokaa siku nyingi. Kasema mpira ukiisha kesho, iwe tumeshinda, iwe tumeshindwa, yeye mwenyewe anateremka uwanjani kwa daktari wa timu.

Gaylen kaweka kopo la rangi ya zambarau kwenye ngazi zangu, na brashi juu.

Nane na tatu. Sijabadilisha.

Jumamosi, 2 Septemba

Mechi saa saba mchana. Wachezaji huripoti saa nne asubuhi. Ardith aliondoka mapema kuuza pai za kanisa pale getini. Nilikuwa natafuta viti vya kukunja, saa tano imepita, nikasikia hodi.

Eloy. Shati la bluu lililopigwa pasi, lile la Jumapili. Nywele mbichi, zimechanwa. Kavua viatu mlangoni.

– Samahani, mzee, nimechelewa. Mama kapika nini leo?

Nyuma yake magari yanapita na bendera zetu nyekundu, mengine zambarau. Ngoma za bendi zinasikika kutoka chuoni. Kitoto kimoja cha jirani kikampigia kelele "Arobaini na nnee!" naye akapunga mkono, akatabasamu, akanigeukia.

– Mzee, leo mjini kuna nini?

Nimemkalisha mezani, kwenye kiti chake. Nikampa mkate na nyama baridi. Alisali kabla ya kula. Nikamwuliza leo siku gani. Akanicheka: "Mzee, unazeeka. Jumapili." Nikampigia Ardith, hapokei, pale getini huwezi kusikia kitu. Nikapiga tena.

Kisha simu yangu ikalia. Kocha. Anauliza kama 44 yuko kwangu, chumbani kwake hayupo, wenzake wanasema alitoka tangu asubuhi. Nikasema yupo. Akapumua kwa nguvu. Akasema nimlete mbio mbio, sare zake ziko tayari, atamvalisha mwenyewe ikibidi. Nikasema tunakuja.

– Simu ya nani? kauliza Eloy.
– Ya kazini.
– Jumapili?

Nimestaafu mwaka wa sita sasa. Hilo nalo hakulikumbuka.

Naogopa. Haya, nimeandika. Namwogopa huyu kijana anayekula nyama yangu baridi kwa uma, taratibu, huku ananisimulia mjomba wake na punda. Na sehemu yangu moja, ninayo bado, inasema labda akivaa kofia, akisikia watu, itamrudia. Nimeisikia ikisema. Naiandika ili siku moja nisijidanganye kwamba haikusema.

Nimemtoa nje. Yumo garini, kafunga mkanda, kashika sahani ya pai magotini. Aliniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia angoje, nimesahau miwani. Miwani ninayo usoni. Nimerudi naandika nimesimama, hapa kwenye kabati la jiko. Uwanja uko hapo tu nyuma ya kanisa. Hospitali ni mpaka mjini Grand Island, na nikielekea huko hachezi tena, leo wala daima, na ataniuliza njia nzima kwa nini nimevunja neno.

Simu tena. Kocha. Naiacha ilie.

Eloy anapiga honi, mara moja tu, kwa adabu. Anadhani Ardith anatungoja kanisani, na tunamchelewesha.