Randa Iliyomvua Muzee Kofia

Mpendwa Mama Cibalonza, naomba msaada kabla ya Jumamosi, mimi ni seremala hapa Majengo, natengeneza chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kusukuma mizigo, na mikono yangu ni mikavu hata ukinisalimia utadhani umeshika gunzi la mahindi, kwa hiyo randa hainikai mkononi, nikitema mate viganjani kama mafundi wengine yanakauka kabla sijashika, na sasa nimeposa Uwingabire, binti wa muzee Nsanzimana wa Kibumba, naye mzee mahari ya ng'ombe ameikubali lakini anataka pia chukudu ya kubebea kabichi, niichonge yeye akiwa ameketi anatazama, basi Jumamosi iliyopita akaja pamoja na binti yake, nami ili mikono ilainike nilikuwa nimejipaka samli mpaka viwikoni, nikasukuma randa, ikaruka, ikamvua muzee kofia na kutua kwenye sufuria ya maharage ya jirani yangu Mama Thérèse, muzee akaokota kofia akasema, "Weye kijana, kama randa inakukimbia, bibi naye? Ntarudia samedi. Ikiruka tena, mutoto yangu anabakia kwetu," na samedi yake ndiyo Jumamosi hii, Uwingabire akacheka mpaka akakaa chini, ila walipoondoka nilimwona anafuta machozi, nami nampenda, mama, sasa nafikiria kujipaka gundi ya mbao.

Munguakonkwa, Majengo

Munguakonkwa mwanangu, pole, na hiyo gundi iweke chini. Nimecheka, nikamwomba Mungu msamaha, nikacheka tena.

Samli ni ya kupaka unapokwenda kulala, na asubuhi unaiosha kwa sabuni. Halafu niambie ukweli, rangi unaitoa mikononi kwa kitu gani? Nawajua mafundi wa Majengo, mnanawa petroli kisha mnashangaa ngozi ikipasuka. Acha leo. Kabla ya kazi, pangusa viganja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na randa uinoe, maana iliyo butu ndiyo inayokufanya usukume kwa hasira.

Kilichoniudhi ni hiki. Gurudumu la kila chukudu unalivalisha mpira wa tairi kuukuu lisiteleze kwenye mawe yetu ya volkano. Vipande vinabaki chini ya meza yako, unavifagia, na mpini wa randa uko uchi. Kweli mganga hajigangi. Kata ukanda mwembamba, uzungushe kwenye mpini, ukaze.

Jumamosi muzee mkalishe nyuma yako, na Mama Thérèse afunike sufuria. Binti analia kwa sababu anakutaka, kwa hiyo acha kujihurumia, ufanye mazoezi kuanzia leo. Shika kwanza randa. Mkono wa Uwingabire utaushika baadaye, na huo usiufunge mpira.