Taa Niliyoizima kwa Simu

Baba,

Kuseti upya taa ya upepo wa tairi ni kuliambia gari kwamba hali liliyo nayo dakika hii ndiyo hali sahihi, na kwamba tangu sasa lipime kila badiliko kutokea hapo. Kitendo hicho hakiongezi upepo wala hakiupimi. Ninaanza na maana hii kwa sababu siku uliponipigia simu sikukupa maana. Nilikupa maagizo, na maagizo yenyewe yalikuwa pungufu.

Miezi minne imepita. Mama amehamia chumba cha mbele. Anasema kile cha nyuma kina ukimya asioupenda. Gari limerudi kutoka kwa mafundi wa Katwe, ubavu wake umenyooshwa kwa nyundo, na rangi mpya haifanani na ya zamani. Ungelizunguka mara mbili ukiguna. Jumamosi tunakwenda kwetu Arua kulijengea kaburi lako, na Mama ameamua twende na gari hilohilo. Nitaendesha mimi, ambaye tangu ufe sijashika usukani. Kwa hiyo ni lazima niupange ukweli sawasawa kabla ya kumpakia mama yangu.

Unakumbuka kambi ya polisi, baada ya vita vya themanini na sita, ulipokabidhiwa lile lori bovu? Kila asubuhi ulilizunguka na rungu lako la mkwaju, ukipiga kila tairi na kusikiliza. Iliyoshiba ililia kwa ukali. Yenye njaa ilijibu kwa sauti nzito, kama gunia la maharagwe. Nilipouliza swali katikati ya kazi, ulinikatiza: "Tairi inaongea. Wewe nyamaza." Mama alikuwa akipita na beseni la nguo, akikuchokoza: "Afande, umemaliza kuchapa wafungwa wako?" Nawe ukajibu, bila kugeuka, "Hawa wanasema kweli bila kuapa." Ulistaafu, lori likafa, lakini rungu halikustaafu. Hata magari ya wageni uliyachapa kabla hayajatoka uani.

Kisha nikakununulia gari lililotumika Japani, na kitabu chake cha maelezo hakuna aliyeweza kukisoma. Nilijivunia ile taa ya upepo, yenye alama kama kiatu cha farasi. Nilikueleza kwa urefu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa mantiki, kwamba gari hili lenyewe litajua tairi ikipungukiwa. Ulicheka: "Gari gani hii, inalia kama mtoto?"

Siku ya simu nilikuwa nasahihisha mitihani. "Mwalimu, ile taa yako ya kiatu cha farasi imewaka." Hata kalamu sikuiweka chini. Nilikuambia ufinye kitufe kilicho chini ya usukani, ushikilie mpaka taa ikonyeze mara tatu. Ulifinya. "Imekonyeza. Imelala. Asante, mwalimu." Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyepokea jibu kutoka kwa anayejua.

Siku tatu baadaye ulitoka peke yako kwenda Luweero kumwona mwenzako wa zamani. Ulipokwisha kuipita Bombo, tairi ya nyuma kushoto ilipasuka, gari likaingia kwenye mafunjo. Uliishi siku mbili hospitalini, na hukusema neno.

Nilikwenda Katwe kwa fundi wanayemwita Ssalongo, kwa kuwa amezaa mapacha. Alikuwa ameiweka ile tairi. Akaipasua zaidi kwa kisu, akanionyesha upande wa ndani: mpira ulikuwa umesagika na kuwa unga mweusi. "Nyabo," akaniambia, kama Waganda wamwitavyo bibi, "hii ilitembea na njaa. Siku nyingi." Nikamsimulia habari ya kitufe. "Aa, hiyo taa? Sisi tunafinya tu, inalala." Alikuwa akitabasamu, kisha akaniangalia usoni, akaitua ile tairi chini polepole.

Basi kosa langu ni hili, Baba, na sitalipamba. Kwanza hupimwa tairi zikiwa baridi, zikajazwa hadi kiwango kilichoandikwa mlangoni. Ndipo kitufe kifinywe. Gari lile halijui kiasi cha upepo. Linalinganisha tu mzunguko wa magurudumu na ule lililofundishwa. Nililifundisha kwamba njaa ndiyo shibe. Baada ya hapo lilinyamaza, nalo lilikuwa na haki ya kunyamaza.

Mama hakubali. "Baba yako hakuacha kuchapa tairi hata siku moja. Usijitwike." Nimeipima hoja yake kama ambavyo ningepima hoja ya mtu nisiyempenda. Ina uzito. Kama ulizichapa asubuhi ile, sikio lako lingesikia. Kama halikusikia, umri ulikuwa umekwisha kulichukua, na hapo hatia yangu inapungua ingawa haifutiki. Rungu lilikutwa nyuma ya mlango wa jikoni. Lakini hilo halithibitishi chochote, kwani ndipo ulipolirudisha siku zote ukishamaliza. Mama alikuwa kanisani. Hakuna aliyesikia.

Jana asubuhi, jua halijafika uani, nilipima tairi zote, na ile ya akiba pia, ambayo taa haiihesabu. Moja ilikuwa imepungua. Nikaijaza. Kisha nikalichukua rungu lako. Mwanzoni zote zililia sawa masikioni mwangu. Nikatoa upepo kidogo katika moja, nikapiga, nikaijaza tena, nikapiga, mpaka nikaisikia tofauti. Ilinichukua nusu ya asubuhi. Mama alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike akasema, "Afande, hao wafungwa wamekosa nini?" Tulicheka sote wawili, kisha hatukucheka. Baada ya hapo, si kabla, nikafinya kitufe. Taa ikakonyeza mara tatu.

Hatua hizo nimeziandika kwa Kiswahili na Kiganda, na Ssalongo amezibandika ukutani. Ananiita daktari wa tairi. Lakini leo nilimsikia akimfokea dereva aliyekuwa tayari ameweka kidole: "Wewe! Umeilisha kwanza?"

Jumamosi, njiani kwenda Arua, tutapita kwenye mafunjo yale. Sitasimama, wala sitapunguza mwendo kuliko ambavyo barabara inadai. Nakuahidi kwamba Mama atafika, na kwamba mtu akiniuliza kitu, nitaweka kalamu chini kabla ya kujibu. Rungu litasafiri nasi, kisha litarudi nyuma ya mlango wa jikoni. Pumzika, Afande wangu. Zamu ni yangu.

Lakini asubuhi ile, kabla hujawasha gari, ulizichapa tairi, au uliniamini mimi?