Kosa la Masanja

Kabula mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hapa Masumbwe tu wazima. Mama yako amevuna karanga kidogo, na goti langu bado linaniuma.

Umeniuliza kaka yangu Masanja alifanya kosa gani hata akafia jela. Hakufanya kosa. Enzi za Waingereza alichimba dhahabu Geita. Siku moja shimo liliwafukia yeye na msimamizi wake Mzungu, na walipotolewa wote wawili walikuwa wamerukwa na akili. Mzungu wakasema amechoka, akasafirishwa kwao akapumzike. Masanja wakasema ni kichaa, akafungwa kamba, akatiwa jela ya wilaya.

Baba aliamini hafungwi mtu bila kosa. Basi tukaswaga ng'ombe siku tatu, tukalipe faini kama ilivyo desturi yetu kijana akikosea. Karani wa jela alicheka. "Mzee, mwanao hana kosa. Angekuwa mwizi ungelipa, ukaondoka naye."

Tukarudi na ng'ombe wetu.

Mwaka uliofuata yule Mzungu alirudi kazini, mzima, amenenepa. Alipita kwetu akamuuliza baba, "Masanja hajambo?" Masanja alikwisha kufa, na kaburi hatukuonyeshwa. Baba akavua kofia, akajibu kama tulivyofundishwa kumjibu Mzungu, "Hajambo, bwana."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza.

Bibi yako,
Mbula