Nilimwambia Mungu Aamke, Sasa Wanataka Nitubu

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie, na uniwie radhi nikiandika kwa hasira, maana siku hizi sina namna nyingine ya kuandika. Mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo kwenye kwaya yetu, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, au alikuwa, kwa sababu mtungi wa gesi ulimlipukia karakanani na macho yote mawili yakapofuka, nami nikafunga, nikaomba, nikalia, na mbinguni kimya, kimya kabisa, kana kwamba nabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Basi kwenye maombi ya kina mama zamu yangu ikafika, wote wamefumba macho wakingoja nianze na shukrani kama ilivyo desturi yetu, mimi nikasema kwa sauti, "Mungu, kama umelala, amka! Mume wangu haoni, wewe unaona, sasa unangoja nini?" Macho yalifumbuka yote. Mama mchungaji akaniambia, "Mwanangu, umekufuru," na sasa wanataka Jumapili nisimame mbele ya watu nitubu, la sivyo nirudishe joho la kwaya, na mama mkwe ananisihi nitubu tu yaishe. Sitaki! Ila kinachoniumiza ni kwamba kila asubuhi nikimfunga mume wangu vifungo vya shati huniuliza, "Mama watoto, umeniombea?" nami humjibu ndiyo, na ni uongo, sijaomba tena tangu siku ile. Je, nimepotea?

Mwanakwaya mwenye hasira

*

Marahaba, mwanangu. Pole, pole sana.

Sasa nisikilize. Hukukufuru. Ulimpigia Mungu kelele kwa sababu bado unaamini ana masikio. Mbona kimya? Sijui, na anayekuambia anajua, mwogope. Lakini usitubu jambo usilolijutia, maana toba ya kufurahisha watu ndiyo uongo wenyewe. Wakitaka joho lao, wape. Sauti utaondoka nayo.

Ila usidhani nimekuja kukupigia makofi tu. Ulisema neno la kweli mara moja, kisha ukanuna! Mungu ukampa mgongo, mume ukampa uongo, halafu unaniuliza mimi kama umepotea. Hujapotea, bibi, umesusa. Na aliyepoteza macho ni yeye. Umewahi kumuuliza yeye ana hasira gani?

Jumapili nenda, umevaa vizuri, ukae na mumeo. Wakikuita mbele, sema, "Sina cha kutubu, nina cha kuomba," urudi ukae. Lakini usingoje Jumapili kwa hili la nyumbani. Kesho akikuuliza, mwambie, "Sijakuombea, baba watoto, nimemkasirikia Mungu." Kisha nyamaza, umpe nafasi. Huenda naye amekuwa akijikaza kwa ajili yako tu. Kama ni kugombana na Mungu, gombaneni naye wawili, kwa sauti, mchana kweupe, na majirani wakiuliza mnamfokea nani, waambieni.