Mama, Ulimusamehe Mbio Sana

Mama,

Niko na kasirani. Afazali nianze na hiyo, ju we unanijua: nikiificha, inatokea ku sura. Ulienda na ukaniachia Tonton Anselme mikononi.

Bon, nikuambie kwanza mambo ya matanga. Jana tuliimaliza. Batu balijaa mu appartement ya Etterbeek, hapa Bruxelles, mpaka ku ngazi, na banamama ya chorale baliimba mpaka ule jirani wa juu, mwenye kugongaka na fimbo, akashuka kuuliza nani alikufa. Alipojua ni we, alivua kofia, akabaki. Na ule muzee wa Uccle uliyekuwa unamuogesha ku kazi, mukoloni wa zamani, alituma maua. Siku zote alikuwa anakuita "Leta maji, upesi!", sawa vile bado uko mu shamba lake la kahawa, na we unacheka tu. Ulisamehe kila muntu, Mama. Musamaha uligawa tu, sawa vile bonbon ya batoto.

Lakini Anselme! Katekista wetu, tulimuitaka tonton ju ya heshima tu, muntu aliyenifundisha kufanya alama ya musalaba. Vita ilipoingia kwetu Masisi, kule Congo, we na mi tulikuwa ku dirisha ya jikoni, tukaona mukono yake inanyooka kuonyesha batu ya mapanga nyumba yetu. Balimupeleka Papa nyuma ya kanisa, na Anselme akabafuata. Papa hakurudi.

Na hapa Bruxelles unamukuta ku Porte de Namur, anatetemeka na baridi, unamuleta nyumbani. Unamupikia sombe, majani yetu ya muhogo. Nilipolia mu chumba, ulikuja kunong'ona: "Nyamaza, mwanangu. Nimeisha kumusamehe." Umeisha! Yee hakuomba kitu. Alikuwa pale na macho makavu, anakunywa chai, anaongea juu ya theluji.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, mutoto wa kwanza njo anamwanga maji ku mikono ya batu mbele ya kula. Muntu uliyemunyima maji, umemutoa mu jamaa. Unajua hiyo muzuri, ju ulipanga yote. Maman Espérance wa chorale aliniambia: ku kitanda ya hospitali uliomba Anselme akae na familia, nimupikie kila dimanche, na ku matanga ni mi nimunawishe. Mama, huruma ulipatia yee tu?

Nilinawisha bote. Nilipomufikia, mukono yake ikanyooka mbele yangu. Ile ile. Nikashindwa.

Nikamuambia mbele ya batu yote: "Sema kwanza."

Maman Espérance akanivuta kitenge: "Eeh, mutoto! Ku matanga ya mama yako!" Bugali ilikuwa inapoa. Nikajibu, ipoe. Nitasimama hapa mpaka Paska.

Anselme akaangalia beseni. Halafu akasema, na sauti ndogo: "Ni mi nilibaonyesha nyumba. Niliogopa, nikaonyesha. Baba yako alikuwa rafiki yangu." Akaanza kulia, muzee muzima, kamasi na yote, na akasema neno yenye hainiachi tangu jana: "Mama yako alinisamehe kabla sijafungua kinywa. Alors, kisha pale, ningesema nini tena?"

Umesikia? Miaka yote hii uliona ni upendo. Na yee alikuwa anakula sombe yako, ile neno imemukaba ku koo. Na mi pia, ju ya kukuheshimu, nilikuwa nameza yangu. Padri anasemaka kusamehe kunafungua mulango. Yako ilitufungia siye wawili inje.

Nilimwanga maji. Nusu ikaenda ku suruali yake. Sikumusamehe, usianze kupiga alleluia kule uko. Nilimunawisha ju alisema, basi.

Lala, Mama. Ninakupenda mpaka inanikasirisha. Nitapikia Anselme kila dimanche, kisha misa, kama ulivyotaka, naahidi mbele ya Mungu. Lakini chai haitaishia ku habari ya theluji. Kule nyuma ya kanisa yee alikuwako. Anajua Papa alisema nini mwisho. We haukumuulizaka.

Mi nitamuuliza.

Mutoto wako,
Furaha