Saba Zote Nilizokuandikia, Babu

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na wewe peke yako ndiye uliyelijua. Namba za sukari nilizoandika kwenye daftari lako la kliniki hazikuwa za kweli. Uliniambia niandike saba, nami nikaandika saba, karibu kila siku, mpaka daftari likajaa.

Nimeanza barua hii mara nne. Nakaa, nainuka, nachungulia dirishani kama kuna anayeniita, narudi.

Unakumbuka ulivyohamia kwetu mjini, hapa Mabawa, baada ya Bibi kufariki kule shamba, Maramba? Ulikuja na jembe. Mama akakuuliza utalima wapi, ukasema, "Hata likikaa tu, nilione." Mwaka haujaisha, daktari akakwambia una kisukari. Nesi akasema ugali usizidi ngumi yako. Ukaitazama ngumi, ukamuuliza, "Ngumi ya mkulima au ya mwalimu?" Nesi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Mimi nilikuwa nyuma yako, natazama sakafu.

Kazi ya kukupima ulinipa mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Ukaniita Karani. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikutoboa kidole, tukasubiri mashine.

"Karani, imesemaje?"

"Kumi na sita, Babu."

"Hiyo haijaamka vizuri. Andika saba."

"Lakini Babu..."

"Unataka nichomwe sindano kila siku kama jirani yetu, halafu nimfuate alikokwenda? Andika saba, mjukuu wangu. Kwa mwandiko huo, daktari ataamini."

Daktari aliamini. Alikupongeza, akakuachia vidonge vilevile. Ulinikonyeza, nami nikaona fahari. Hiyo fahari ndiyo inayonisumbua zaidi.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa Biolojia alitupa kila mmoja kipande cha mkate, akasema tutafune bila kumeza. Baada ya muda kikawa kitamu mdomoni. Wanga unageuka sukari, akatuambia, hata kama hukutia sukari. Nikakufikiria wewe. Ulikuwa umeacha sukari kwenye chai kwa uaminifu kabisa, unakunywa umekunja uso, ukaamini umemaliza kazi. Lakini asubuhi chapati mbili, mchana wali, jioni bada, ule ugali wako wa muhogo. Siku ile nilirudi nyumbani mbio nikwambie. Nikakukuta unakula. "Njoo tule, Karani," ukasema, ukanisogezea mchuzi wa papa. Nikanawa mikono, nikala. Ningeanzaje kumfundisha Babu kula?

Tangu ufariki nimesoma kila kitabu cha maktaba ya shule kinachogusa chakula na mwili. Bada si sumu. Kule Maramba uliila miaka yote, pamoja na kunde na mboga chungu ya mchunga, na ulisema sukari yenyewe mliiona sikukuu. Ulikwenda shamba kwa miguu, ukalima mpaka jua likawa kali, na mwili ukatumia ulichoupa. Huku Mabawa tulikupa sahani ya mkulima na kiti cha barazani. Tukaongeza sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kama chaki, mkate laini, na soda kila alipokuja mgeni, kwa sababu ni aibu mgeni anywe peke yake. Hakuna aliyekutakia mabaya. Tulikuwa tunakutunza.

Kisha ukapata kidonda cha kisigino, kikakataa kupona. Hospitalini, daktari mwingine alipekua daftari lako, akarudi mwanzo, akapekua tena. "Namba nzuri namna hii," akasema, "sielewi." Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Wewe ulikuwa umefumba macho. Sijui kama ulisikia.

Sasa ni Mama. Anashona tangu asubuhi, jagi la maji pembeni, na likiisha ananituma nikalijaze. Ananiita nimtungie uzi kwa sababu tundu la sindano halioni. Anasema ni joto. Nilimwambia akapime sukari. Hakusimamisha hata cherehani.

"Babu yako alipima kila siku. Saba, saba, saba. Na tulimzika. Kipimo kilimsaidia nini?"

Ndiyo maana nakuandikia. Siri niliyokutunzia sasa inamzuia binti yako kupima. Naogopa kukuvunjia heshima wakati huwezi kujitetea, hata kwa mzaha. Na nina hasira na wewe kidogo, nisamehe. Ulikuwa mtu mzima, Babu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Siku tatu mfululizo nilifika hadi mlangoni kwa Mama, nikageuka.

Naagana nawe hapa. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, na anisamehe mkono wangu. Hayo niliyaandika juzi; kilichobaki ni kukueleza nilichofanya tangu hapo.

Jana baada ya chakula cha mchana nilikaa sakafuni karibu na cherehani, nikamwambia. Mashine ikasimama.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Karibu zote."

"Na daktari hakujua?"

"Hakujua."

Alikikunja kitambaa alichokuwa anashona. "Nyie wawili," akasema, akaingia chumbani. Jioni hakuniita kula.

Leo asubuhi nilimkuta amevaa baibui, ananisubiri. Tulikwenda hadi zahanati, yeye mbele, mimi nyuma. Nesi akamuuliza kama kuna mtu wa familia aliyekuwa na kisukari, na alikuwa anaendeleaje. Mama akanigeukia. "Mwambie wewe." Nikasimama, nikaeleza yote tangu mwanzo, kwa sauti ambayo hata watu wa kwenye benchi waliisikia. Nesi aliandika bila kunikatiza. Nilipomaliza, Mama akakivuta kiti karibu, akaweka mkono wake juu ya meza, atobolewe kidole.

Mjukuu wako,
wa Mabawa