Mwali Mwenye Grisi Kwenye Kucha

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, mimi niko ndani na moyo umechafuka.

Niko ndani kama mwali, si kama mtu aliyekimbia mvua. Harusi ni Ijumaa, na kwetu Ujiji bi harusi hazururi barabarani siku zake zikikaribia. Simu nimeificha chini ya godoro. Naandika haya kwa kuibia, kila Bi Chausiku anapokwenda jikoni. Huyu ndiye somo wangu, aliyepewa kazi ya kunifunda na kunisugua mpaka nifanane na mke wa mtu. Kufunda anajua. Kusugua kumemshinda.

Kisa ni kucha zangu.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Mwanaidi, ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu nilipomaliza shule nikakosa pa kwenda. Grisi imeingia kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja, na sasa imehamia humo. Leo asubuhi Bi Chausiku alianza na ndimu na chumvi. Akaja na liwa. Akaja na mawese, ambayo ningemwambia mapema kwamba hata kazini ndiyo tunayotumia, lakini mwali haongei sana. Mwisho akachukua mswaki wa zamani, akasugua mpaka kidole gumba kikatoa damu. Grisi ikabaki palepale. Nilimwonea huruma kwa kweli, maana alikuwa anahema.

Ndipo, kwa kunifariji, akasema nisijali, zitasafika zenyewe polepole kwa kuwa kazi nimeshaiacha.

Nikamuuliza nani kaacha.

Akajua ameropoka, ikabidi amalizie. Kumbe siku ile mshenga alipokuja kukamilisha mazungumzo, mama alimtuma awafikishie upande wa pili kwamba binti yake akishaolewa hatashika tena injini. Aliahidi. Hakuna aliyemwomba ahadi hiyo, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nikaelewa pia kwa nini ovaroli yangu imefungiwa kwenye sanduku la mama tangu Jumapili na funguo anatembea nazo shingoni.

Nimelia. Na si kile kilio cha mwali cha kujifuta kwa pembe ya kanga. Nimelia kwa hasira, uso kwenye mto.

Mama yangu si mtu mbaya, wala sitaki mtu amseme vibaya hapa. Ni mtu anayeogopa maneno. Mtaani wanamwita Mama Fundi, anaitika huku amekunja uso. Hamisi, mchumba wangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, mashati yake yananyooshwa pasi mpaka unaogopa kuyagusa, na mama anaona bahati hii inaweza kuponyoka muda wowote. Anadhani siku moja upande wa pili watanusa petroli na kughairi. Kwa hiyo akawahi kutoa kitu kabla hakijaombwa, na kitu chenyewe kikawa kazi yangu.

Hamisi hajawahi kunikataza chochote. Lakini neno likishabebwa na mshenga si letu tena sisi wawili. Nikirudi Kibirizi baada ya harusi, nimemfanya mama mwongo mbele ya wakwe. Nisiporudi, sijui nitakuwa nani.

Nimelala chali nasikiliza mvua juu ya bati. Bati hili nimelinunua mimi. Zamani mvua ya namna hii ilikuwa inatuhamisha na godoro kutoka kona hadi kona, na masufuria sakafuni yakikinga matone. Sasa inapiga kelele zake huko juu na sisi tunalala. Mama analala fofofo chini ya kazi anayoionea haya.

Naipenda kazi yangu. Sijawahi kuandika hivyo, basi leo naandika.

Napenda pale injini inapokohoa, ikakataa, ikakohoa tena, kisha ikashika. Kuna raha inayopanda kutoka kwenye viganja mpaka kifuani, sijaipata penginepo. Na mwaka huu kazi imekuwa na uzito mwingine. Tangu ndugu zetu wa Burundi waanze kuvuka ziwa kukimbia machafuko, boti hazijapumzika, na sisi mafundi hatujapumzika. Zinakuja zimejaa watu mpaka ukingoni, kina mama, magodoro, kuku, watoto waliochoka hata kulia. Boti ikishusha, nahodha anatuita, tunafungua injini hapohapo majini, maana inatakiwa kurudi kuchukua wengine. Nikiisikia inaondoka bila kukwama, nakaa chini kidogo na kumshukuru Mungu.

Siku moja alishuka mama mmoja amefunga kitu mgongoni kwa kitenge. Tukadhani ni mtoto amelala. Alipopata pa kukaa akafungua taratibu: kichwa cha cherehani. Nyumba ameiacha, mihogo shambani ameiacha, hata meza ya hiyo cherehani ameiacha. Leo anaishi kwa jamaa zake Buzebazeba, na alianza kupata wateja kabla hajazijua njia za mji. Gauni langu la Ijumaa ameshona yeye. Siku ya kunipima aliiona mikono yangu, akacheka, akaniuliza kwa Kirundi chake, ambacho kinasikilizana na Kiha chetu, kama na mimi ni fundi. Nikamwambia ndiyo. Akanishika mkono kama watu waliofahamiana zamani.

Tangu asubuhi ninapofikiri habari ya kuacha kazi, namwona yeye anafungua kile kitenge.

Sasa niwasimulie ya mchana, maana ndiyo yaliyonifanya nitoe simu tena.

Baada ya adhuhuri tulisikia hodi, na Bi Chausiku akaitambua sauti akaangusha bakuli la liwa. Ni Bi Zaituni, mama yake Hamisi, amekuja mwenyewe na mvua yake. Mama mkwe kuingia kwa mwali kabla ya siku ni jambo ambalo Bi Chausiku hajaliona tangu aanze usomo. Walipaparika yeye na mama! Nikafunikwa kanga gubigubi, nikawa gizani. Mikono tu ilibaki nje, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuificha.

Nikatoa shikamoo humohumo kwenye kanga. Akaitikia, akakaa kitandani karibu yangu. Alinukia udi na dagaa kwa pamoja, kwani anauza dagaa Kibirizi, na kule tumezoea kusalimiana kwa mbali, yeye na matenga yake, mimi na injini zangu. Akaichukua mikono yangu. Akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye kucha moja moja. Nilitamani godoro linimeze.

"Mama Mwanaidi," akasema, "nimekuja kurudisha ahadi yako. Mshenga kaileta kwangu, na mimi sikuiagiza."

Mama akaanza kueleza kwamba alitaka kuwapa heshima, kwamba mke wa mwalimu, kwamba watu wanasema. Bi Zaituni alimwacha amalize yote. Bado alikuwa ameshika mikono yangu.

"Mimi niliolewa nikiwa naanika dagaa," akasema. "Nikaambiwa sasa ni mke wa mtu, niache, nikaacha. Baba yake Hamisi alipofariki nikarudi palepale na mtoto mgongoni, naulizia bei kama mgeni. Wenzangu walikuwa wameshafika mbali. Sitaki binti yako apite nilikopita. Aje na kazi yake."

Nilisikia mvua, na nikamsikia mama anavuta pumzi. Chini ya kanga nilikuwa nalia tena, safari hii sikuweza hata kujifuta, maana mikono haikuwa yangu.

Bi Zaituni akainuka. Akamwambia Bi Chausiku aviache vidole vya watu, mchora hina atajua pa kuishia. Alipofika mlangoni akageuka, akasema kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka, kwamba injini ya boti ya kaka yake inakohoa wiki nzima, lakini hana haraka, atangoja fungate iishe.

Bi Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

Mama alimsindikiza mgeni mpaka barabarani na mwavuli, akarudi, akapita mlangoni kwangu bila kutazama ndani, akaingia chumbani kwake. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Nilifikiri amekasirika kwa kuaibishwa ndani ya nyumba yake, nikaanza kutunga maneno ya kumwomba radhi ingawa sikuwa nimemkosea.

Sasa ni jioni, na kuna sauti huko uani, chini ya mchirizi wa bati. Nguo nzito inapigwa kwenye jiwe. Inapumzika, inapigwa tena. Bi Chausiku kachungulia, kaja kuninong'oneza: ni mama, na beseni, na kipande kizima cha sabuni ya mawese. Anaifua ovaroli yangu. Anaigombeza grisi kwa Kiha, na yeye Kiha hukitoa akiwa na uchungu sana au furaha sana.

Nimemtuma Bi Chausiku akamwambie aache, atapata homa kwa baridi hii. Amerudi na jibu. Mama anasema ovaroli itaingia kwenye sanduku langu la harusi, lakini itakaa chini kabisa, chini ya vitenge, ili wanawake wa upande wa pili watakaofungua sanduku waanze kuona vitu vya maana.

Sawa, mama. Chini kabisa.

Mvua haina dalili ya kukatika na nguo ile ni nzito, sidhani kama itawahi kukauka. Ikifika Ijumaa ikiwa bado mbichi, itaondoka hivyo hivyo, na nitaianika kwa mama mkwe.